Mkono wa Mwisho wa Bi Mwanapili

Ukimuuliza mtu wa Konde duka la Ruweida liko wapi, hatakutajia mtaa wala namba ya nyumba. Atakwambia pita nyuma ya soko, ukianza kunusa karafuu na mawaridi simama hapo hapo, umeshafika. Ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake, chenye rafu tatu, meza moja, na dirisha la kuuzia udi. Ruweida alirudi nyumbani akiwa na miaka ishirini na nne na cheti chake cha biashara mkononi, akakaa miezi minane akingoja ajira ya serikali ambayo haikuwa na habari naye, kisha akachoka kungoja. Akaitazama kazi ya mama yake kwa jicho jingine, akaona kuna kitu pale.

Mama yake, Bi Mwanapili binti Ngwali, alikuwa fundi wa singo. Kwa asiyejua, singo ni ule mchanganyiko wa karafuu, mawaridi makavu, liwa na majani ya harufu, unaosagwa na kurowekwa kwa marashi, kisha bibi harusi akasuguliwa nao mwili mzima siku saba kabla ya kutolewa, mpaka ngozi ing'ae na harufu imkae. Kila mji wa Pemba una fundi wake, na kila fundi huapa kwamba singo la mwenzake linafaa kuoshea masufuria tu. Lakini la Bi Mwanapili lilikuwa na sifa ambayo hata mahasimu wake hawakuweza kuikana: lilikuwa halichomi. Karafuu ni kali. Ikisagwa na kukaa kwenye ngozi laini ya shingo, hubabua. Singo la Bi Mwanapili ungeweza kumpaka mtoto mchanga akalala.

Siri ilikuwa mwishoni. Viungo vyote alivisaga uani mbele za watu, huku akizungumza, akicheka, akimtania kila apitaye. Singo likishakuwa tayari kwa macho ya kila mtu, alilichukua bakuli, akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango. Alikaa humo kiasi cha mtu kusali rakaa nne. Akitoka, singo lilikuwa lile lile kwa rangi na kwa harufu, ila sasa halichomi. Hiyo wenyewe waliiita mkono wa mwisho, na haikuulizwa. Ndivyo walivyokuwa mafundi wa kazi ile: unamfunza mwanao yote, unambakishia moja, nayo unampa siku unayouweka mchi chini kwa hiari yako. Bi Mwanapili naye alipewa hivyo na mama yake, kitandani, mama akiwa na akili timamu na siku kumi tu za kuishi. Walikuwa na bahati, wale.

Mwaka 2015 Ruweida alifungua blogu akaiita Singo la Konde. Mwezi wa kwanza alipata wasomaji kumi na mmoja, na watatu kati yao walikuwa yeye mwenyewe kwa simu tofauti. Hakukata tamaa. Aliandika namna ya kuijua karafuu iliyokaushwa vizuri na ile iliyofunikwa ikavunda. Aliandika kwa nini mawaridi ya kununua hayana harufu ya mawaridi ya uani. Aliandika habari za maharusi waliopita mikononi mwa mama yake, bila kutaja majina, ingawa watu wa Konde waliwajua wote na wakawa wanabishana sokoni nani ni nani. Baada ya miaka miwili maagizo yakawa yanatoka Unguja, Dar es Salaam, Mombasa. Mwanamke mmoja wa Maskati, mzaliwa wa Micheweni, alimwandikia kwamba amesoma habari za kikuba, kile kishada cha asumini na mrehani cha kubandika kifuani, akiwa kazini, akalazimika kwenda kujifungia chooni alie.

Kila alipoeleza namna ya kutengeneza singo, Ruweida alimalizia kwa maneno yale yale: "Nimekupa yote isipokuwa mkono wa mwisho. Huo uko Konde. Usipake kabla hujatuona." Msomaji wa kisiwani alielewa bila kufafanuliwa, maana hapa hakuna mwari anayejipaka singo peke yake. Ana somo wake, yaani kungwi wa kumsimamia, na somo anajua pa kwenda kuuliza. Na msomaji wa mbali asiyeelewa aliuliza chini ya makala, Ruweida akamjibu kabla chai haijapoa. "Subutu!" aliwaandikia. "Ngozi yako unaipenda huipendi? Tupigie kwanza."

Bi Mwanapili aliipenda ile biashara mpya lakini blogu yenyewe hakuiamini hata kidogo. Siku moja, wakiwa wanachambua makonyo, vile vijiti vyake, kwenye karafuu, Ruweida alijipa moyo.

"Mama, na huo mkono wa mwisho si unipe basi. Mie sasa ntu mzima."

"Nikupe weye?" Bi Mwanapili hakuinua macho. "Weye huzungumzi na watu, wazungumza na dunia nzima. Nikikupa asubuhi, adhuhuri kishafika Maskati."

"Sitaandika, mama. Wallahi sitaandika."

"Hutaandika leo." Alicheka, halafu kicheko kikamwishia usoni. "Na nikishakupa, mwanangu, mie tena n'nani?"

Ruweida hakuuliza tena. Alidhani ana muda, kama sote tunavyodhani kuhusu mama zetu, na upuuzi huo hatuuachi mpaka utuumize.

Mwaka 2024 wasomaji walianza kupungua. Mwanzoni alidhani ni mtandao. Ndugu yake Suhail, anayeuza simu mbele ya soko na ambaye hupata habari zote mbaya kabla ya wengine, ndiye aliyekuja kumwonesha. Alitoa simu, akauliza singo la Pemba linatengenezwa vipi. Zamani yangetokea majina ya kurasa, nawe ukachagua ya kufungua. Safari hii lilitoka jibu zima, limenyooka, limepangwa vizuri, limeandikwa na hiyo akili mnemba yao. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani, palikuwa na jina la Singo la Konde.

"Ishasoma yote, dada," Suhail alisema. "Sasa nani tena aje kwako?"

"Lakini haya maneno yangu."

"Yako, lakini yasemwa bila weye. Achana nayo. Miaka tisa wajitesa bure."

Akaachana nayo. Mimi simlaumu, na ningependa kumwona anayethubutu kumlaumu. Unaandika miaka tisa, unajibu watu usiowajua kana kwamba ni jirani zako, halafu kitu kisicho na pua kinakuja kuwaeleza watu harufu ya mawaridi ya uani kwenu. Ruweida hakuaga wala hakufunga chochote. Aliuacha ukurasa wazi jinsi ulivyo, akaenda zake dukani kuuza udi. Mara moja moja alikumbuka kwamba kuna watu huenda wameuliza maswali kule, akajiambia mashine itawajibu.

Mfungo mosi wa mwaka 2025, Ramadhani ikiwa imetoka tu, Bi Mwanapili alianguka uani akiwa ameshika mchi. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia na ulimi. Alilazwa siku kumi na mbili, akarudishwa nyumbani akiwa hai, akiwatambua watu, akisikia kila neno, asiweze kusema hata moja. Ruweida aliuza singo lililobaki kwenye rafu. Lilipokwisha, aliwaambia wateja mama anaumwa, tuvumiliane. Kusaga angeweza kusaga. Lakini chumba cha ndani hakuwa na la kwenda kufanya humo.

Mwezi wa Juni, asubuhi, Mwalimu Devotha alipiga hodi. Devotha ni mwenyeji wa bara, anafundisha hesabu sekondari, na alikuwa na miaka minne Konde. Alikuwa rafiki wa duka. Alinunua udi japo kwao hawafukizi, akikaa kwenye kibao akimuuliza Bi Mwanapili maneno ya Kipemba na kuyakosea makusudi ili mama acheke. Alikuwa aolewe na Noel, ofisa wa uvuvi Wete, kanisani, baada ya wiki tano. Ruweida alishangaa kumwona amejitanda kanga mpaka machoni, maana Devotha hakuwa mtu wa kujitanda.

"Mwalimu, kulikoni? Karibu ndani."

Devotha aliingia, akaketi, akaifungua kanga. Shingo yote mpaka kifuani, na shavu la kushoto, palikuwa pamebabuka. Mahali pengine ngozi ilikuwa imeinuka, mahali pengine imeshatoka ikaacha wekundu mbichi.

"Nimetoka hospitali," Devotha alisema. "Wameniambia itapona, ila alama zinaweza kubaki. Sijaja kugombana, dada Ruweida. Nimekuja kuuliza nilikosea wapi, maana nilifuata mlivyosema."

"Tulivyosema lini?"

"Nilitaka niwe kama maharusi wa hapa. Nimewaona wanavyopendeza. Nikasema nitakuja kwa mama, mara nikasikia ameanguka, na kila nikipita naona nyumba imejaa wageni. Nikaona aibu kuja kusumbua wagonjwa kwa mambo ya urembo. Nikaiuliza simu." Akamwonesha. "Ikanipa viungo, ikaniambia nikamulie ndimu mbili, nipake, nilale nalo. Niliogopa kidogo. Halafu nikaona jina lenu hapo chini, nikasema ah, kumbe ni wenyewe ndio wananijibu. Nikapaka, nijaribu kabla siku haijafika."

Ndimu! Hakuna mtu aliyezaliwa kisiwani humu angethubutu kuweka ndimu juu ya karafuu juu ya ngozi. Ruweida aliufungua ukurasa wake kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Chini ya ile makala iliyosomwa kuliko zote kulikuwa na swali: "Nikikosa kuja Konde, mkono wa mwisho nifanyeje?" Lilikuwa limekaa miezi minne bila jibu. Halafu mtu asiye na jina, Mungu ndiye anayemjua, alikuwa amejibu kuhusu ndimu mbili na kulala nalo. Baada yake mwingine ameandika asante. Hakuna aliyepinga, kwa sababu wa kupinga alikuwa dukani anauza udi. Na mashine ilipopita kutafuta cha kujazia pengo, ililikuta jibu limekaa nyumbani kwa mwenye singo, mwenyewe yumo, amenyamaza. Ingejuaje kwamba hayumo? Yale maneno ya "usipake kabla hujatuona" iliyaona tangazo la biashara, ikayaruka.

"Ni mie, mwalimu," Ruweida alisema. "Nilitoka nikaacha mlango wazi."

Alilifuta jibu la ndimu pale pale, mbele ya Devotha. Wakaiuliza simu tena. Ikajibu ndimu mbili. Walijaribu kesho yake na kesho kutwa, ikawa ndimu mbili. Kilichokwisha kumezwa hakikuwa kwake tena kukifuta. Njia ilikuwa moja, kuandika jambo la kweli mahali pale pale, kwa jina lake, waziwazi, ili atakayeuliza akute la kweli. Lakini la kweli lilikuwa kwa mama, na mama hana ulimi.

Akaenda akaketi ukingoni mwa kitanda, akamweleza yote, hakumficha kitu. Bi Mwanapili alisikiliza huku jicho lake moja likimtazama bila kupepesa. Aliposikia neno ndimu, mkono wa kushoto ulipiga godoro. Alipoambiwa ni Mwalimu Devotha, alifumba macho.

"Mama," Ruweida alisema, "mie sikuombi ili niuze. Nakuomba watu wasiungue. Nitataja vitu. Nikikitaja chenyewe, nibane mkono."

Akaleta sinia. Alitaja karafuu, mawaridi, liwa, asumini, mrehani. Mkono umelegea. Akaenda jikoni akaleta samli, asali, chumvi, unga wa mchele, tui. Mkono umelegea. Alipokata tamaa alitaja maji, kwa kuwa tu bilauri ilikuwa karibu, na mkono wa mama ukambana kwa nguvu ambazo hakujua bado zimo.

"Maji! Maji ya nini, mama? Ya kisima? Ya mvua? Ya moto?"

Bi Mwanapili alifungua kinywa. Ikatoka sauti, si neno, akajaribu tena, ikatoka ile ile. Mishipa ya shingo ilimsimama. Ndilo jambo lililomkata Ruweida maini, kuliko kiharusi chenyewe. Mama alikuwa anataka kusema. Miaka yote alikuwa na ulimi na hakutaka, sasa anataka kwa mwili mzima, na haiwezekani.

Walijaribu siku tisa. Kila asubuhi, mama akishaoshwa na kulishwa uji, sinia lilikuja kitandani. Siku ya nne walijua kwamba ndani ya maji mlikuwa na jani. Jani gani? Ruweida alizunguka Konde nzima akichuma kama mtu aliyerukwa na akili, mpera, mkungu, mlimau, mwarobaini, majani ya vichakani asiyoyajua hata majina. Watu walimpisha, maana walishasikia. Aliyaleta moja moja puani kwa mama. Mara alibanwa mkono akaruka kwa furaha, akarudia jani lile lile, asibanwe. Siku ya saba mkono ulikuwa umeanza kutetemeka wenyewe, na hakuweza tena kujua kubanwa ni kupi na kutetemeka ni kupi. Siku ya tisa Bi Mwanapili aliligeuzia sinia uso, akaanza kulia kwa jicho moja. Ruweida aliliondoa, akapanda kitandani akalala ubavuni kwa mama yake, jambo ambalo hakulifanya tangu akiwa mdogo. Hakutaja kitu tena.

Jumatano iliyofuata, baada ya adhuhuri, Bi Mwanapili alifariki. Alizikwa alasiri ile ile.

Siku ya tatu, baada ya hitima, wanawake wakiwa uani wanaosha masinia, Ruweida alijitenga chumba cha ndani, kile kile cha kufungia mlango. Alikitazama ukutani na dirishani, kana kwamba chumba kimeona na kingeweza kumwambia. Halafu akafanya jambo ambalo baadaye aliona haya kulisimulia, na alinisimulia mara moja tu. Alitoa simu akaiandikia ile mashine, kwa adabu, kama anayemwandikia mtu mkubwa: "Tafadhali, Bi Mwanapili wa Konde alikuwa akifanya nini mwisho ili singo lisichome?"

Alijua haiwezi kujua. Lakini mtu aliyefiwa huuliza hata ukuta. Na kitu kinachosema kimesoma maandishi ya dunia nzima, huenda mahali fulani, kwa namna fulani, kimelisikia.

Jibu lilikuja papo hapo, bila wasiwasi wowote. Bi Mwanapili wa Konde, lilisema, alikuwa akimalizia singo lake kwa maji ya ndimu mbili. Chini yake, kama kawaida, liliandikwa jina la ukurasa wake.

Hapo ndipo Ruweida aliposhindwa kujizuia. Alilia kwa sauti mpaka wanawake wakaacha masinia wakaja kugonga. Walidhani anamlilia mama, na kweli alikuwa anamlilia mama, lakini alikuwa analia pia kwamba duniani kote hapakuwa na mwingine wa kuulizwa. Alikuwa amejiuliza mwenyewe. Ile mashine haikuwa na kitu juu ya mama yake isipokuwa alichoandika yeye na alichoacha wazi yeye, na alichoacha wazi kilikuwa kimemsingizia mama yake maiti.

Suhail alimshauri aufute ukurasa wote. "Yaishe, dada. Watu wasahau."

"Nikiufuta, watasahau la kweli tu. La ndimu lishakwenda," alimjibu. "Mama atabaki na ndimu mpaka kiyama. Wataka vyo?"

Suhail hakutaka hivyo.

Aliandika siku tano. Aliyemwona miaka ile ya mwanzo akiandika huku akicheka peke yake asingemtambua. Alieleza singo zima, hatua kwa hatua, kipimo kwa kipimo, bila kubakisha alichokijua. Alipofika mwisho aliandika hivi: "Hapa ndipo mama yangu, Bi Mwanapili binti Ngwali, alipoingia ndani akafunga mlango. Baada ya hapa sijui. Najua kuna maji na kuna jani. Jani gani sijui, na aliyejua tumemzika. Hakutumia ndimu maishani mwake. Ndimu itakuunguza, imeshamuunguza mtu ninayempenda. Usipake singo hili. Nami siliuzi tena." Kabla ya kuliweka alimsomea Devotha, ambaye alisikiliza akiwa amejishika shingo.

"Jina langu usiweke," Devotha alisema. "Lakini yaliyonipata yaache."

Kisha akarudi kwenye maswali yote yaliyokuwa yamelala miezi ile, yalikuwa zaidi ya mia, akayajibu moja moja. Wengine walikuwa wameshaolewa, harusi zimepita. Aliwajibu hivyo hivyo.

Devotha alifunga ndoa kwa tarehe yake, shela ikiwa imeshushwa ibada nzima. Ruweida alikwenda Wete, akasimama nyuma kabisa ya kanisa na buibui lake, watu wakimgeukia. Noel alipoinua shela, alilibusu lile shavu la kushoto kwanza. Ruweida alitoka nje kabla ya vigelegele.

Baada ya wiki kadhaa jibu la mashine lilibadilika. Sasa ukiuliza, inakwambia singo hili lisipakwe, na kwamba kwa mujibu wa binti wa fundi mwenyewe, hatua ya mwisho haijulikani tena. Ruweida alilisoma mara mbili. Maneno yalikuwa yake, yamepigwa pasi mpaka hayana machozi hata tone, lakini yalikuwa ya kweli, na jina la mama yake lilikuwa limesafika. Wateja hawakurudi. Angewauzia nini? Anauza udi na vikuba, na kila siku anaandika kidogo, maana amejua sasa kwamba akinyamaza yeye, atasema mwingine kwa niaba yake.

Mwezi wa Novemba alipigiwa simu na namba asiyoijua. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyuma yake kuku wanasikika.

"Assalaam alaykum. Wewe ndo Ruweida wa singo? Mie naitwa Mwanawema, niko Kisiwa Panza."

"Waalaykumu salaam. Ndiye mie, bibie. Lakini singo siuzi tena."

"Nnajua. Nilikuwa natafuta la mtoto wa dada yangu, simu ikanambia lisipakwe, mwenyewe kafa. Nikasema nifungue nisome huko kulikoandikwa. Nikasoma yote. Mama yangu hufanya mafuta ya kuchulia wazazi wakishajifungua. Watu wamfata toka Mkoani. Naye ana lake hajanipa, miaka yote. Asubuhi nimemuomba, kakataa. Basi nkansomea vile ulivyoandika, mpaka pale pa jani. Kaweka mchi chini. Halafu kasema, haya, lete kalamu."

Ruweida alikaa kwenye kibao.

"Kasema yote?"

"Yote, dada. Ninayo hapa. Sasa nauliza, naiweka wapi isije ikapotea? Na nifanyeje wasije wakaiandika vyengine?"

Ruweida alimweleza. Alimweleza polepole namna ya kufungua ukurasa, namna ya kuweka jina la mama yake juu na tarehe, na akamsisitizia sana kwamba akishafungua asiondoke, aulinde, ajibu kila anayeuliza. Mwanawema alikuwa akirudia kila kitu kwa sauti. Walipomaliza, Ruweida aliuliza kama mama yuko karibu.

"Yuko hapa, atwanga. Wantaka?"

"Nipe nimsalimu."

Simu ilipokewa kwa mikono miwili, ilisikika hivyo, ikapigwapigwa kidogo, kisha ikaja sauti ya kizee, nzito, yenye ulimi wake mzima.

"Mwanangu, hujambo?"

Ruweida alifungua kinywa asiweze.

"Pole kwa msiba, mwanangu. Kansomea, nimesikia. Usimuudhikie mamako. Siye twadhani siku tunazo." Akangoja. "Upo?"

"Nipo, bibi," Ruweida alisema. "Nisemeze. Nisemeze chochote."

Yule bibi hakujua amwambie nini mtoto wa watu asiyemjua, basi akaanza kumhadithia mafuta yake, nazi zikunwe za namna gani, moto uwe mdogo kiasi gani, na lipi la kutia mwisho. Ruweida hakuwa na haja ya mafuta. Alisikiliza, simu ameikaza sikioni, mpaka salio la Mwanawema likaisha na sauti ikakatika.